Nyumba na Watoto: Kondoo wa Udongo na Simu ya Babu

Mwezi uliopita tulizungumza habari ya deni la dukani, na barua zilizokuja baadaye zimenionyesha ya kuwa neno lile liligusa nyumba nyingi. Hayo tuyaache kwanza. Leo nataka kunena habari ya kazi waliyopewa watoto wetu na mwalimu wao, kazi ambayo wazazi wengine wameiona kuwa ni mchezo, na wengine wameiona kuwa ni mzigo. Nami nalikuwa karibu nayo kuliko nilivyotaka, kama mtakavyosikia.

Kazi yenyewe ni hii. Watoto watano hufanywa kundi moja, nao huagizwa kutengeneza sinema fupi ya vikaragosi, pasipo mtu hata mmoja kuonekana ndani yake. Wenye kazi hiyo huiita stopu-mosheni. Mimi nitaiita sinema ya picha moja moja, maana ndivyo ifanywavyo. Kikaragosi huwekwa mezani, kikapigwa picha. Kisha husogezwa kidogo sana, kadiri ya upana wa punje ya mchele, kikapigwa picha ya pili. Husogezwa tena, ikapigwa ya tatu. Na kuendelea hivyo. Picha zikiisha kupangwa na kupitishwa upesi mbele ya macho, jicho haliwezi tena kuzitenga, na akili huziunganisha, hata mtu husema, "Tazama, anatembea!" Wala hakuna aliyetembea.

Wengi wenu mwajua ya kuwa hapa Kenya mtaala mpya ulianza kujaribiwa mwaka 2017, na tangu hapo kazi za mikono za namna hii zimeongezeka. Malalamiko ya wazazi nayo yameongezeka. Baba arudi jioni amechoka, aambiwa kesho yatakiwa maboksi, gundi, waya na rangi. Mara nyingine mtoto alala, na mama ndiye akeshaye akikata na kubandika, hata asubuhi mtoto apeleka shuleni kazi ya mama yake, akapewa alama za mama yake. Kwa habari hiyo sitasema mengi. Kila mmoja aijua nyumba yake.

Kundi la mjukuu wangu lilikuwa la wasichana watatu na wavulana wawili. Huku kwetu milimani Taita nyumba nyingi ni ndogo, nao waliomba chumba changu cha mbele kwa siku za Jumamosi, kwa sababu kina meza pana na mlango wenye komeo. Waliomba na simu yangu pia, maana kamera yake ilikuwa njema kuliko za nyumbani kwao. Nikawapa vyote viwili. Nikawapa na onyo, kwa ile sauti ya ualimu niliyodhani nimeiacha siku nilipostaafu: "Simu hii ikiisha kufungwa mahali pake, mkono wo wote usiiguse, isipokuwa mkono wa yule apigaye picha." Likumbukeni onyo hilo.

Walichagua habari ya kondoo aliyepotea, iliyomo katika sura ya 15 ya Injili ya Luka. Shida ya kwanza ilikuwa ya hesabu. Kitabu chasema kondoo walikuwa mia. Akipotea mmoja, wabaki tisini na kenda. Sasa binti mmoja, mtoto wa fundi cherehani, alikuwa amefinyanga kondoo watatu kwa jioni nzima, akapiga hesabu na kuona ya kuwa mia watawachukua mpaka Krismasi. Mwenzake akasema, "Tufanye kumi tu." Mjukuu wangu akakataa, akasema hawana ruhusa ya kupunguza. Wakabishana hata chai ikapoa. Mwisho waliwafinyanga saba wa kusimama mbele, na wengine wakawachora kwenye karatasi ngumu nyuma yao, wadogo wadogo, kama waonekanavyo wakiwa mbali kilimani. Mimi naliwahesabu kwa siri wale wa kuchorwa, nikapata themanini na wanane. Sikusema neno.

Shida ya pili ilikuwa udongo. Walianza na udongo wa mtoni, ule wa kufinyangia vyungu, nao ulikuwa wa bure. Usiku mmoja ukakauka, na asubuhi mchungaji alikuwa na ufa toka bega hata kiuno. Ikawalazimu kununua plastisini dukani. Aliyebuni udongo huo alikuwa mwalimu wa sanaa, William Harbutt, wa mji wa Bath katika Uingereza, mwaka 1897. Alitaka wanafunzi wake wawe na kitu cha kufinyanga kisichokauka, kiweze kukandwa na kufinyangwa tena. Basi tangu asili yake ni kitu cha shule. Walakini adui yake ni joto. Chini ya taa hulainika, na mchungaji aliyesimama imara saa tatu, saa nne ameinama kama mtu aliyeshikwa na usingizi mahubirini. Dawa yake ni kumpa mifupa ya waya uliosokotwa, udongo ukawa nyama juu yake, na miguu ikashikwa kwa misumari midogo ipenyayo katika ubao.

Kondoo nao walivikwa pamba. Walipendeza sana wakiwa wamesimama, lakini kila kidole kilichomgusa kondoo kiliacha pamba imelala upande mwingine, na picha zilipopitishwa, manyoya yote yalikuwa yakitetemeka kana kwamba pana upepo usiokoma. Watoto wakahuzunika. Nikawafariji kwa habari ya sinema ya King Kong ya mwaka 1933. Sokwe yule mkubwa alikuwa kikaragosi kilichosogezwa kwa mkono na Willis O'Brien na wenzake, na manyoya yake huonekana yakicheza palipoguswa na vidole vyao. Watu wameitazama sinema hiyo kwa miaka zaidi ya tisini bila kudai fedha yao irudishwe.

Lakini kubwa ni mwanga. Ninyi mkaao pwani mna jua siku nzima. Huku kwetu ukungu wapanda na kushuka kama mtu asiye na shauri. Wingu likipita dirishani, picha moja ni nyeupe na ya pili ni ya kijivu, na zikipitishwa upesi sinema yote huwaka na kuzimika kama taa yenye waya mbovu. Watoto waliziba dirisha kwa blanketi langu, wakaweka taa mbili, wakaifunga kamera isijirekebishie mwanga yenyewe. Hata hivyo picha zilikuwa zikiwaka kidogo. Ilikuwa siku mbili kabla hawajatambua sababu: mashati yao meupe. Aliyevaa shati jeupe akisogea karibu na meza, shati hutupa mwanga juu ya vikaragosi. Akirudi nyuma, mwanga huenda naye. Tangu siku hiyo walivaa masweta yao ya rangi nzito, joto lisijali.

Wengine watauliza, "Picha ngapi zatosha?" Sinema za kawaida hupitisha picha 24 kwa sekunde moja. Watengenezaji wa vikaragosi mara nyingi hupiga 12, kila moja ikaonyeshwa mara mbili, na jicho haligombi. Watoto wetu walichagua kumi, kwa sababu hesabu ya kumi ni nyepesi. Hivyo dakika moja ni picha 600. Hatua moja ya mchungaji, toka mguu kuinuka hata kukanyaga, iliwachukua picha tano au sita. Mtu ye yote asemaye kwamba watoto wa siku hizi hawana saburi, na aje aketi pamoja nao Jumamosi moja.

Mzee jirani yangu alikuja akasimama mlangoni, akatazama kwa kitambo, akaniuliza, "Mwalimu, hivi ndivyo wapatavyo elimu?" Naye hakuuliza kwa ubaya. Nikamwambia ya kuwa wako watu wazima waliotoa miaka yao kwa kazi hii. Lotte Reiniger, mwanamke wa Ujerumani, alikata kwa mkasi watu na farasi wa karatasi nyeusi, akawaunga viungo vyao kwa waya, na pamoja na mumewe Carl Koch aliyeshika kamera, na wasaidizi wachache, alifanya kazi tangu mwaka 1923 hata 1926, ikatoka sinema yenye urefu wa zaidi ya saa moja. Habari zake alizitoa katika hadithi za Alfu Lela Ulela, ambazo wazee wetu wa pwani wamezisimulia barazani tangu zamani. Nick Park, Mwingereza, alianza sinema yake ya udongo iitwayo A Grand Day Out alipokuwa mwanafunzi wa chuo cha sinema. Ni ya dakika 23 tu, nayo ilimalizika mwaka 1989, baada ya miaka kadhaa, kwa msaada wa kiwanda cha Aardman cha Bristol. Na kiwanda hicho kilianzishwa mwaka 1972 na Peter Lord na David Sproxton, marafiki tangu siku za shule. Ukitazama kwa makini vikaragosi vyao, waona alama za vidole juu ya udongo.

Tena si Wazungu peke yao. Jean-Michel Kibushi wa Congo alitoa mwaka 1991 sinema ya picha moja moja juu ya hadithi ya chura aliyekwenda kwa wakwe zake, na kiwanda chake amekiita Malembe Maa, maneno ya Kilingala yenye maana kama kusema polepole. Mzee akacheka, akasema jina hilo lafaa.

Mama mmoja, aliyebatizwa Pasaka iliyopita, aliuliza swali gumu zaidi, naye aliniuliza faraghani ili asiwavunje watoto moyo. Alisema, "Mwalimu, sisi tuliambiwa tuache sanamu. Nao watoto wamefanya mtu wa udongo, na mtu huyo ni mfano wa Bwana mwenyewe. Je, si kurudi nyuma?" Sikumcheka, wala ninyi msimcheke, mtu aliyetupa kitu kwa gharama ana haki ya kuogopa akikiona tena mlangoni. Nalimwita aje Jumamosi jioni. Alipokuja, sehemu ya mchungaji kushuka bondeni ilikuwa imekwisha, na udongo haukutosha kwa miamba ya bondeni. Binti wa fundi cherehani alimtwaa mchungaji wa kwanza, aliyekwisha kuharibika uso, akachomoa waya, akamkanda akawa donge, na lile donge likawa mwamba. Mama yule akatazama, akasema, "Hee! Ndivyo tu?" Nikamwambia ndivyo tu. Akaketi, akasaidia kuchambua pamba.

Sasa nimefika penye neno lililonifanya niandike.

Watoto waligawana kazi. Mmoja alisogeza vikaragosi, mmoja alipiga picha, mmoja aliangalia taa, na binti mmoja alishika daftari akiandika hesabu ya kila picha na saa yake. Alikuwa mwandishi mkali. Mtu akipiga chafya, aliandika. Wa tano alikuwa kijana ambaye mama yake huuza mboga sokoni Wundanyi, na kila Jumamosi humsaidia kubeba mizigo kwanza, ndipo aje. Hivyo alikuja akichelewa, na kazi zote njema zilikuwa zimekwisha kushikwa. Tena siku ya kwanza, kwa bahati mbaya, aliketi juu ya kondoo. Wakampa kazi ya kulinda mlango wenzake wakienda kula.

Jumamosi ya tatu, kama saa saba mchana, wanne walikuwa jikoni na yule wa tano yuko mlangoni. Mimi nalikuwa uani. Nikasikia simu yalia ndani. Nalikuwa nikingoja habari ya ndugu yetu aliyelazwa hospitali, nikaingia kwa haraka. Mlinzi hakuwapo; mbuzi alikuwa ameingia katika mahindi naye amekwenda kumfukuza. Nikaichomoa simu katika mshikizo wake, nikasema maneno mawili matatu, nikairudisha. Naliitazama vema, nikaona iko pale pale. Pale pale! Mtu mwenye miaka sabini na miwili na miwani ya zamani! (Baadaye mwalimu wao aliniambia ya kuwa simu iliyo kazini hivi yapasa kukatwa mtandao kwanza, isilie. Ushauri mwema, uliokuja kwa kuchelewa.)

Watoto walirudi, wakafanya kazi hata jua likashuka. Jioni waliketi wote kutazama kazi ya siku. Mchungaji alikuwa akipanda kilima vizuri, fimbo mkononi, hata ilipofika picha ya 412. Ndipo mlima wote ukaruka. Kondoo waliruka, miamba iliruka, mbingu ya karatasi iliruka, vyote kwa pamoja, kisha vikaendelea kana kwamba hakuna neno. Picha 144 zilizofuata, kazi yote ya mchana ule, zilikuwa zimepigwa toka mahali pengine. Kadiri ya upana wa kidole tu; lakini katika sinema hii upana wa kidole ni tetemeko la nchi.

Binti akafungua daftari. Picha ya 412 ilikuwa ya mwisho kabla ya chakula. Wote wakageuka wakamtazama yule wa tano.

"Sikuigusa," akasema.

"Wewe ndiwe uliyekuwa hapa."

"Sikuigusa." Akasema mara ya tatu, kwa sauti ndogo zaidi. Wakamkumbusha habari ya kondoo aliyemkalia. Mwenye daftari akatwaa kalamu, akaenda mlangoni walipokuwa wamebandika karatasi ya majina yao, akalipiga mstari jina lake. Kijana akatwaa sweta lake, akanijia, akaniaga kwa adabu, "Kwaheri, Babu," akaenda zake.

Nami nalikuwa nimeketi kitini, kikombe mkononi.

Mtaniuliza kwa nini sikusema. Nimejiuliza mimi mwenyewe. Nalijiambia ya kuwa labda ni mbuzi aliyegonga ukuta. Labda meza ina mguu mbovu. Labda mtoto naye aliigusa baada yangu. Mtu akitaka labda, hazimwishii. Lakini kweli ni kwamba naliona haya. Mimi ndimi niliyetoa onyo lile, na watoto wale huniita Mwalimu kwa sababu niliwafundisha baba zao. Ndugu, nimefundisha miaka thelathini na minne, nami nimewaadhibu watoto kwa uongo uliokuwa mdogo kuliko kunyamaza kwangu jioni ile.

Usiku sikulala. Jumapili kanisani naliwaona wanne wameketi pamoja, na yule wa tano ameketi nyuma karibu na mlango, peke yake. Baada ya ibada nikawaita wale wanne chini ya mwembe, nikawaambia yote. Hakuna aliyecheka. Mjukuu wangu alitazama viatu vyake. Binti mwenye daftari akauliza, "Babu, ilikuwa saa ngapi hasa?" Nikamwambia yapata saa saba. Daftari alikuwa nalo, akaandika.

Kisha nikashuka peke yangu mpaka nyumbani kwa kijana. Mama yake alikuwa akifunga mboga mafungu ya kesho, naye alikuwa akimsaidia, akifunga kila fungu kwa ugomba. Akaniamkia, "Shikamoo, Babu." Nikaitikia, nikakaa, nikasema mbele ya mama yake ya kuwa mimi ndiye niliyeiondoa simu, na ya kuwa nalisikia wakimshitaki, nikanyamaza.

Mama akasema upesi, kama wanawake wetu wasemavyo wakiona mzee anaaibika, "Mwalimu, yamekwisha, yamekwisha, karibu chai." Lakini hayakuwa yamekwisha. Kijana akasema, "Nalikuona, Babu. Nalikuwa narudi toka kwa mbuzi, nikaona unairudisha."

Nikamwuliza, "Mbona hukusema?"

Akajibu, "Nalidhani utasema."

Mama yake akamkemea kwa kujibu mzee hivyo, nikamzuia. Nikamwomba kijana anisamehe. Akakaa kimya, akafunga fungu moja la mboga, akafunga la pili. Ndipo akasema amenisamehe, ila kurudi kule hataki. Sikumsihi. Nalikunywa chai, nikaupanda mlima polepole, na mlima ule sijapata kuuona mrefu kama siku ile.

Siku ya Jumatano, baada ya masomo, wale wanne walikwenda kwake wenyewe. Waliyosema huko sikuambiwa, nami sikuuliza. Jumamosi akaja, akachelewa kama desturi, lakini akaja. Alikuwa na sharti moja: hatalinda tena mlango. Alitaka kumsogeza mchungaji. Aliyekuwa akimsogeza alisita kidogo, maana ndiyo kazi ambayo wote huitamani, kisha akainuka kitini. Na kwa kweli kijana yule ana mikono ya kazi hiyo, kwa kuzoea kufunga mafungu madogo tangu utoto. Ilipofika mchungaji kumweka kondoo mabegani, jambo lililowashinda wote kwa sababu kondoo alianguka kila mara, yeye alipitisha waya mwembamba chini ya pamba, akaufunga nyuma ya shingo ya mchungaji, hata usionekane po pote.

Yalibaki yale mapengo ya picha ya 412. Kupiga upya picha 144 kulitaka siku nzima, nayo siku ya kuleta kazi shuleni ilikuwa Jumatatu. Mwalimu wao alikwisha kuwaonyesha ya kuwa programu waliyotumia yaweza kuonyesha kivuli cha picha iliyotangulia juu ya ile ijayo, hata mtu aone mara moja kama kamera imehama. Kwa kazi za mbele lilikuwa jambo jema, lakini lile la nyuma lilikuwa limekwisha kutendeka. Basi walifanya shauri hili. Walileta simu karibu, wakapiga picha kumi na tano za uso wa mchungaji peke yake, akiinua nyusi na kugeuza kichwa kana kwamba amesikia sauti ya mbali. Picha hizo wakaziweka katikati, baada ya ile ya 412. Mtazamaji auona mlima, kisha auona uso, kisha auona mlima tena. Na kwa kuwa jicho limeondoka likarudi, halitambui ya kuwa mlima umehama upana wa kidole. Wakaongeza na sauti ya kondoo aliaye, ambayo ni sauti ya yule yule kijana, akilia ndani ya ndoo ya bati.

Sinema yao ilikuwa ya sekunde 96, yaani picha 960, nazo zote zimo katika daftari. Mwisho wake herufi za karatasi zajipanga zenyewe, moja moja, kuwa majina matano. Jina lililopigwa mstari ndilo lililopangwa kwanza. Siku wazazi walipoalikwa shuleni, mwalimu alisimamisha sinema pale penye uso wa mchungaji, akasema ya kuwa hapo pana akili njema, maana kabla hatujamwona kondoo tumejua ya kuwa amesikika. Akauliza shauri hilo ni la nani. Watoto watano wakanigeukia. Mimi nikatazama dari.

Sasa wameanza nyingine, habari ya Zakayo juu ya mti, nao wameniambia ya kuwa mkuyu wenye majani mia tatu utachukua Jumamosi mbili peke yake. Kwa hiyo wale wenye shida nami siku ya Jumamosi, tangu saa tatu asubuhi hata saa kumi na mbili jioni, tafadhali wapige simu kwa mwinjilisti wetu, jirani yangu. Yangu imekatwa mtandao, imefungwa mezani, na juu yake pamebandikwa karatasi yenye maandishi ya mkono wa binti wa daftari: BABU PIA.